Tokeni Imeisha, Muunganisho Bado Upo

Mwaka 2024 wezi waliingia kwenye akaunti za wateja wa Snowflake, huduma ya kuhifadhi na kuchambua data mtandaoni, bila kuvunja kufuli lolote. Kampuni ya usalama wa mtandao ya Mandiant, iliyoshiriki katika uchunguzi, ilisema mashirika yapatayo 165 yalitaarifiwa kwamba huenda data zao zimeguswa. Wezi walitumia majina na nywila zilizoibwa na programu hasidi kutoka kwenye kompyuta za watu, baadhi yake tangu mwaka 2020, na nywila hizo zilikuwa bado zinafungua. Akaunti zilizoingiliwa hazikuwa na hatua ya pili ya uthibitisho. Miaka minne ilipita, watu wakabadilisha kazi na kompyuta, nywila ikabaki palepale ikimsubiri yeyote atakayeiokota.

Kwa hiyo sina ugomvi na wanaosema nywila za kudumu zitolewe kwenye hifadhidata. Niko upande wao. Ugomvi wangu ni na namna hadithi inavyoendelezwa baada ya hapo: unganisha hifadhidata na mfumo wa utambulisho, washa kitufe, na suala la nani anaingia wapi limekwisha. Kwenye wingu moja, yaani kompyuta za kukodi kwa mtoa huduma mmoja, hadithi hiyo ina nusu ya ukweli. Ukiwa na mawingu matatu, AWS ya Amazon hapa, Google Cloud pale, na Azure ya Microsoft iliyokuja pamoja na kampuni iliyonunuliwa, hata nusu hiyo inapungua. Mifumo hii yote imejengwa kulinda dakika ya kuingia. Kinachotokea ndani, na hasa siku mtu anapotakiwa kutoka, umeachiwa wewe, na kila mtoa huduma amekuachia kwa namna yake.

Tuanze na kuingia, maana ndiko kulikotengenezwa vizuri. Kwenye Amazon RDS, huduma ya hifadhidata ya AWS, programu inayotaka kuingia MySQL au PostgreSQL (aina mbili za hifadhidata) inatengeneza tokeni, yaani pasi ya kidijitali ya muda mfupi, na kuitia saini kwa funguo za muda za utambulisho wake wa AWS. Tokeni hiyo inafaa kwa dakika 15. Cloud SQL, huduma ya hifadhidata ya Google, inapokea tokeni ya OAuth 2.0 (kanuni ya kutoa ruhusa kwa tokeni) inayoishi saa moja. Azure inatumia tokeni ya Microsoft Entra ID, mfumo ambao hadi mwaka 2023 uliitwa Azure Active Directory. Katika zote tatu, tokeni inapita mahali palepale nywila ilipokuwa ikipita. Programu ya mteja haijui tofauti. Inaona tu nywila ndefu isiyo ya kawaida. Na ni ndefu kweli: tokeni ya Entra imewahi kushindikana kubandikwa pale psql, programu ya kuingilia PostgreSQL kwa kuandika amri, inapouliza nywila, ndiyo maana maelekezo ya Microsoft yanakutaka uiweke kwenye kigezo cha mazingira kiitwacho PGPASSWORD.

Kukaa mahali pa nywila kuna gharama yake, na hapa nitakawia kidogo. Kwa kawaida MySQL haitumi nywila wazi. Lakini kwa tokeni za RDS, mteja analazimika kuruhusu programu-jalizi inayoituma bila kuificha, kwa sababu seva inahitaji tokeni nzima ili iikague. Kinachoilinda njiani ni TLS peke yake, yaani usimbaji wa mawasiliano kati ya mteja na seva. Sasa tazama mipangilio ya kawaida ya PostgreSQL. Usipoandika sslmode, mpangilio wa TLS, maktaba ya upande wa mteja iitwayo libpq inatumia prefer, yaani inajaribu TLS na ikikataliwa inaendelea bila hiyo. Ukiandika require bila kuweka cheti cha mamlaka inayoaminika, mawasiliano yatasimbwa ila hakuna anayekagua cheti cha seva ni cha nani. Ni verify-full tu inayohakikisha kwamba cheti kimetolewa na mamlaka unayoiamini na kwamba jina lililomo ni la seva uliyoikusudia. Anayejifanya seva yako akapokea tokeni ana dakika 15 za kuitumia, au saa nzima, kutegemea wingu. Nikiona timu imesherehekea kufuta nywila zote huku wateja wake wakitumia require, huwa nasema kazi iko nusu, na huwa sipendwi siku hiyo.

Halafu kuna kuvuka mipaka: programu inaishi wingu moja, hifadhidata iko jingine. Zamani ulitengeneza ufunguo wa kudumu wa wingu la pili na kuuficha ndani ya la kwanza. Hiyo ni nywila ileile imebadilishwa nguo. Siku hizi kuna shirikisho la utambulisho: wingu la kwanza linatia saini tokeni fupi ya kumtambulisha mhusika, la pili linakagua saini hiyo na kutoa kitambulisho chake cha muda. Programu iliyoko Google Cloud inapata tokeni ya OIDC (kanuni ya kuthibitisha utambulisho) yenye saini ya Google, inaipeleka kwenye STS, huduma ya AWS inayotoa funguo za muda, kwa ombi la AssumeRoleWithWebIdentity, inapewa funguo za muda, na kwa funguo hizo inatia saini tokeni ya RDS. Kutoka AWS kwenda Google njia iliyozoeleka ni ya ajabu kidogo, na mimi huipenda kwa ujanja wake: programu inatia saini ombi la GetCallerIdentity bila kulituma, inalikabidhi kwa Google likiwa na saini, na Google ndiyo inayolipeleka AWS kuuliza huyu ni nani. Azure inalinganisha tokeni ya nje na ulichoandika kwenye usajili, na kila programu inaruhusiwa usajili wa namna hiyo usiozidi 20. Timu zenye huduma ndogondogo nyingi hugonga ukuta huo mapema kuliko zinavyotarajia.

Kosa linaloniogopesha zaidi katika eneo hili limo kwenye sehemu tatu za tokeni: iss, aud na sub. Ya kwanza inasema nani ameitoa, ya pili imetolewa kwa ajili ya nani, ya tatu mwenyewe ni nani. Watu huandika kanuni kwa mbili za kwanza, mambo yanafanya kazi, wanasonga mbele. Chukua GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi za otomatiki. Mtoaji wa tokeni zake kwenye GitHub ya umma ni mmoja kwa watumiaji wote: token.actions.githubusercontent.com. Sera ya kuaminiana ya zamani, ya kabla AWS haijaanza kudai sub, inayokagua mtoaji na hadhira tu inamruhusu mtu yeyote mwenye hifadhi ya msimbo kwenye GitHub kuvaa jukumu lako, yaani seti ya ruhusa ulizotoa, na kama jukumu hilo lina rds-db:connect, ruhusa ya kuingia hifadhidata ya RDS, ameshafika kwenye data. Hakuna jaribio la kawaida litakalokuonyesha kasoro hiyo, kwa kuwa majaribio yetu huuliza kama anayestahili anaingia. Ni mara chache yanauliza kama asiyestahili anazuiwa. Hata sub ikiwepo, ukiweka nyota baada ya jina la shirika ili kujirahisishia, umeruhusu kila tawi na kila pendekezo la mabadiliko ndani ya shirika zima. Kwa njia inayofika hifadhidata ya uzalishaji, naitaka sub itaje hifadhi moja na mazingira mamoja, hata kama ina maana ya kuandika sera nyingi zinazochosha.

Mtu ameshaingia. Ndani ya hifadhidata anaitwa nani? Swali hili linaonekana dogo, na hapa ndipo mawingu matatu yanapoachana kabisa.

AWS haileti mtu ndani ya hifadhidata. Sera ya IAM, mfumo wa ruhusa wa AWS, inasema nani anaruhusiwa kuingia akiwa mtumiaji fulani wa hifadhidata, na mtumiaji huyo unamtengeneza mwenyewe. Kwa PostgreSQL unampa jukumu liitwalo rds_iam. Wahandisi ishirini wanaweza kuruhusiwa kuingia wote kama msomaji, na kumbukumbu za PostgreSQL zitaandika msomaji, msomaji, msomaji. Utasema basi tutazame CloudTrail, kumbukumbu ya maombi yanayofika AWS. Tokeni inatengenezwa hukohuko kwa mteja kwa kutia saini tu, hakuna ombi linalokwenda AWS, kwa hiyo CloudTrail haina cha kuandika. Asubuhi ya uchunguzi una jina la pamoja, anwani ya IP na muda, na ni juu yako kuunganisha vipande.

Google imechagua njia nyingine. Unaweza kuandikisha kundi kwenye Cloud SQL, na mwanakundi anapoingia mara ya kwanza anafunguliwa akaunti yake binafsi inayorithi ruhusa za kundi. Majina ya watu yanabaki kwenye kumbukumbu, jambo jema sana. Bei yake ni urefu wa majina. PostgreSQL inaruhusu baiti 63 kwa jina, kwa hiyo akaunti ya huduma inaandikwa bila mkia wa .gserviceaccount.com. MySQL inaruhusu herufi 32, kwa hiyo kila kilicho baada ya alama ya @ kinakatwa. Matokeo yake, akaunti mbili zinazoanza kwa jina moja kutoka miradi miwili tofauti haziwezi kukaa kwenye seva moja ya MySQL. Ukiwa na desturi ya kuita kila akaunti ya huduma kwa jina la programu yake, na programu hiyo ina mradi wa majaribio na wa uzalishaji, utakutana nalo.

Kwenye PostgreSQL ya Azure, kundi la Entra likishasajiliwa kama jukumu, mwanakundi anaandika jina la kundi mahali pa jina la mtumiaji na kuleta tokeni yake mwenyewe. Mlangoni anajulikana, ndani ni kundi. Kwa hiyo una mawingu matatu yenye majibu matatu kwa swali la nani alisoma jedwali lile, na ripoti moja ya ukaguzi inayodai jibu moja. Nilichokuja kukikubali ni kutotafuta usawa kwenye tabaka la wingu. Ndani ya hifadhidata zote naweka majukumu yaleyale machache yasiyoweza kuingia, tuseme kusoma, kuandika na kusimamia muundo. Ruhusa zote za majedwali zinakwenda kwa majukumu hayo, kamwe si kwa mtu. Kila binadamu na kila huduma inakuwa na jina lake la kuingilia, hata pale wingu linaporuhusu la pamoja, kisha jina hilo linapewa uanachama. Kwa AWS maana yake ni kutengeneza watumiaji wengi wa hifadhidata na kuandika sera inayomfunga kila mmoja na wake. Inachosha, lakini mashine ndiyo ichoke, na pgaudit, kiongezi cha PostgreSQL cha kumbukumbu za ukaguzi, inakuwa na kitu cha maana cha kuandika.

Sasa kutoka. Itifaki ya PostgreSQL inamuuliza mtu utambulisho mara moja tu, mwanzoni mwa muunganisho. Baada ya hapo haiulizi tena. Ni kama mgeni aliyeonyesha kitambulisho mlangoni: kitambulisho kikiisha muda akiwa sebuleni, hakuna anayemtoa. Tokeni ya dakika 15 inafungua muunganisho unaoweza kudumu siku nyingi. Ukimwondoa mtu kwenye saraka, yaani orodha ya watumiaji ya mfumo wa utambulisho, saa nne asubuhi, muunganisho wake wa saa tatu bado unasoma. Ukiandika ALTER ROLE na NOLOGIN, umezuia kuingia upya, aliyemo yumo. Kumtoa kunahitaji pg_terminate_backend, amri ya kukata muunganisho, na hakuna saraka kati ya hizi itakayokuitia amri hiyo yenyewe.

Ndiyo maana mazungumzo marefu kuhusu umri wa tokeni, kama ni bora dakika 15 au saa moja, hayanisisimui. Umri unaohesabika ni wa muunganisho, na huo unaamuliwa na programu ambayo watu wa usalama hawaifungui: akiba ya miunganisho, inayotunza miunganisho iliyo wazi ili itumike tena. HikariCP, inayotumika sana kwenye programu za Java, kwa chaguo-msingi inaubadilisha muunganisho baada ya dakika 30. PgBouncer, inayokaa kati ya programu na PostgreSQL, inaubadilisha ule wa upande wa seva baada ya sekunde 3600. Hizo ndizo namba halisi za sera yako ya kuondoa watu, ziwe zimeandikwa kwenye waraka au la. Na mtu aliyeingia kwa psql au kwa programu ya ripoti hana hata kikomo hicho, mpaka uweke idle_session_timeout, ambayo PostgreSQL iliipata kwenye toleo la 14 mwaka 2021, na hiyo inamshika aliyekaa kimya tu. Anayeuliza maswali mfululizo haguswi.

Akiba hiyohiyo ina tatizo la upande wa pili, linalojulikana kwa yeyote aliyehamisha programu ya zamani. Msimbo unasoma nywila mara moja wakati wa kuwaka na kuitunza. Ukiiweka tokeni hapo, programu inawaka vizuri na majaribio yanapita. Baadaye wateja wanaongezeka, akiba inataka muunganisho mpya, inawasilisha tokeni iliyokufa, inakataliwa. Dalili inafanana na tatizo la mtandao, na watu hupoteza saa wakikagua njia za mtandao. Tokeni inapaswa kuombwa kila muunganisho mpya unapofunguliwa. Watoa huduma wana viunganishi vyao vinavyofanya hivyo, Cloud SQL Auth Proxy ikiwa mfano mzuri, na vikipatikana kwa lugha yako tumia hivyo kuliko kujiandikia.

Kumwondoa mtu kabisa kuna mkia mwingine. SCIM, kanuni ya kusawazisha akaunti kati ya mifumo, inaweza kumfuta kwenye saraka, lakini jukumu lake ndani ya PostgreSQL linabaki, na DROP ROLE inakataa ikiwa mtu huyo anamiliki jedwali hata moja. Unapaswa kuhamisha umiliki kwa REASSIGN OWNED, katika kila hifadhidata ya seva hiyo. Huyu ndiye mzimu ninaoukuta karibu kila mahali: jina la mtu aliyeondoka likiwa mmiliki wa majedwali muhimu, na hakuna anayethubutu kuligusa. Jukumu la pamoja la kusimamia muundo, ambalo watu wanalivaa kwa SET ROLE kabla ya kutengeneza majedwali, linazuia mzimu huo usizaliwe.

Njia niliyoiona ikileta majibu ya kweli ni kumpima mtu wa kubuni. Anafunguliwa akaunti kwenye saraka, anaingia kwenye hifadhidata moja ya kila wingu, anaacha kikao wazi na swali dogo linalojirudia, kisha anaondolewa kwenye saraka tu. Unaandika muda kila kikao kinapokatika. Vikao visivyokatika vyenyewe vinakwambia wapi pa kuweka kazi ya kila dakika chache inayolinganisha pg_stat_activity (orodha ya vikao vilivyo wazi) na orodha ya saraka na kuwatoa wasiostahili. Kazi hiyo ni mistari michache ya msimbo. HashiCorp Vault, programu ya kutunza siri, inakupa kitu cha karibu na hicho: inatengeneza mtumiaji wa muda kwa jina la nasibu, muda aliopewa ukiisha inamfuta, na sentensi za kumfuta unaweza kuziandika mwenyewe ukatia humo amri ya kukata miunganisho. Inafanya kazi sawa kwenye mawingu yote, na hiyo ni faida kubwa. Lakini Vault yenyewe inashika mtumiaji mkuu wa kila hifadhidata yako, kwa hiyo hesabu hatari hiyo kabla ya kufurahi. Kwa wanaoendesha PostgreSQL wenyewe kwenye mashine zao, toleo la 18 la mwaka 2025 limeleta uthibitishaji wa OAuth ndani ya pg_hba.conf, faili la kanuni za kuingia. Bado linahitaji moduli ya kukagua tokeni, nami ningesubiri zikomae.

Nimesema miunganisho inayodumu ni tatizo. Siku saraka inapoanguka, hiyohiyo ndiyo inayokuokoa. Tarehe 14 Desemba 2020 mfumo wa kati wa utambulisho wa Google uliishiwa nafasi ya kuhifadhi baada ya mfumo wa mgao kuupunguzia kimakosa, na huduma zinazohitaji kuingia zikakwama kwa takriban dakika 50. Tarehe 15 Machi 2021 ilikuwa zamu ya Azure Active Directory: ufunguo wa kutia saini uliokuwa umewekewa alama ya kubakizwa, kwa ajili ya uhamishaji mgumu kati ya mawingu, uliondolewa na otomatiki yenye hitilafu, na tokeni zilizotiwa saini kwa ufunguo huo hazikuaminika tena. Programu yenye miunganisho iliyo wazi inaendelea kuhudumia katika saa kama hiyo. Yenye akiba inayojibadilisha kila dakika tano inakauka katika dakika tano. Kwa hiyo sikubaliani na anayetaka kila muunganisho uishi muda mfupi iwezekanavyo. Kwa huduma ambayo utambulisho wake haubadiliki, nusu saa au saa nzima inatosha. Kwa binadamu, kaza.

Na weka akaunti moja ya dharura yenye nywila ya kawaida kwenye kila hifadhidata, nje ya saraka yoyote. Nywila yake ikae mahali ambapo kuifikia hakuhitaji mfumo uleule ulioanguka. Nimewahi kuona imewekwa kwenye hifadhi ya siri inayofunguliwa kwa saraka hiyohiyo, na waraka ukasema mpango wa dharura upo. Kila ikitumika, tahadhari iende kwa watu wawili, na ibadilishwe siku hiyohiyo. Kwenye PostgreSQL ya RDS usimpe mtumiaji mkuu jukumu la rds_iam, hata kwa kujaribu: uthibitishaji wa IAM hutangulia nywila, na akaunti uliyoitegemea kwa siku mbaya itaanza kudai tokeni.